Madamu Mirembe wa Maskati

Hakugeuka.

Wiki nzima mmeniandikia mkitaka ageuke, na wawili watatu mmenitolea maneno makali. Lakini jitieni mahali pake. Umesimama mbele ya duka la dhahabu katika Moli ya Zumaridi, hapa Maskati, Ijumaa alasiri, watu wamejaa. Simu yako iko juu ya kijiti. Abaya uliyovaa umeitoa kabatini kwa bosi wako bila kumwomba. Watu elfu arubaini wanaokufuata mtandaoni wanakujua kama Madamu Mirembe, meneja wa maduka matatu. Kisha nyuma yako mtu anakuita kwa sauti ya kwenu, sauti ambayo saa hii ilitakiwa iwe Uganda.

Wewe ungegeuka?

“Dada!” sauti ikarudia. “Dada Mirembe, si ni wewe?”

Namirembe alizima kamera kwanza. Ndipo akageuka.

Alikuwa Nakalanzi, mdogo wake, kitinda mimba wa mama yao. Amevaa ile suruali na gauni fupi la rangi moja wanalovalishwa wafanyakazi wa ndani, na mikono yake imeshika kiti cha magurudumu. Kitini amekaa bibi mmoja wa Kiomani, mwembamba, na miwani mizito.

“Wewe umetokea wapi?” Namirembe aliuliza.

“Nyumbani!” Nakalanzi aliacha kiti akamrukia shingoni. Alikuwa anacheka, na papo hapo machozi yanamtoka. “Wiki ya tatu leo niko Maskati. Ijumaa zote nimekutafuta humu, kwa sababu video zako nyingi unapigia humu. Nilisema tu, siku moja atapita.”

“Na chuo?”

“Nimeacha.”

“Umeacha uuguzi? Umebakiza mwaka mmoja!”

“Nitafanya nini na uuguzi, Dada, wakati wewe uko huku na maduka matatu?”

Alisema hivyo kwa furaha tupu, bila hila. Namirembe alihisi uso unawaka mpaka masikioni.

Kwa aliyeanza kutusoma leo: Namirembe hana duka. Hana hata meza ya kuuzia karanga. Huu ni mwaka wa nne yeye ni shagala, ndivyo wenzake wanavyoitana, katika nyumba ya Bi Buthaina kule Madinat Sultan Qaboos. Anapika, anafua, anapiga pasi kanzu nyeupe za wanaume wa nyumba. Ijumaa ni siku yake. Kila Ijumaa anabeba abaya ya Bi Buthaina kwenye mfuko wa plastiki, anapanda teksi, anaivalia chooni moli, na anatoka humo akiwa mtu mwingine.

Moli zote za kuanzia Al Khuwair mpaka Ghubra amezimaliza. Anawaonyesha watu ngazi za umeme, uwanja wa barafu ambapo watoto wa Kiarabu wanateleza, viatu vilivyopangwa kwenye vioo. “Karibuni tena, wapenzi,” husema. “Leo Madamu wenu anakagua tawi letu jipya.”

Ilianza kwa video moja aliyomtumia mama yake alipokuwa mgonjwa, ili asiwe na wasiwasi. Mama akawaonyesha wenzake kanisani. Wakataka nyingine.

“Ndo huyu dada'ko?” aliuliza yule bibi.

“Ndiye, Bibi! Si nilikwambia?” Nakalanzi alikimbilia kiti. “Dada, huyu ni Bi Khole, mama wa bosi wangu. Anaongea Kiswahili, walikaa Zanzibar. Na sisi tuliokulia kambi ya jeshi kwa Baba tunaelewana naye vizuri.”

“Mashaallah,” alisema Bi Khole. “Kila Ijumaa ananiburura humu ghorofa kwa ghorofa. Nikimuuliza wamtafuta nani, aniambia dada yangu mwenye maduka. Haya, leo tumempata. Tupeleke dukani kwako basi, mwanangu. Nnataka kuona.”

Hapo palikuwa na nafasi. Ingechukua sentensi moja tu. Namirembe alifungua mdomo, akamwona mdogo wake anavyomtazama.

“Twendeni,” akasema.

* * *

Aliwapeleka ghorofa ya pili, duka la manukato.

Muuzaji wa pale, Asaad, alikuwa mtu mzima wa miaka arubaini na kitu, naye familia yake ilitoka Unguja. Meneja asipokuwepo, alimwachia Namirembe apige video mbele ya chupa, na kwa mzaha akamwita Madamu. Leo Namirembe alimwomba Mungu meneja asiwepo.

“Asaad,” alisema. “Nimeleta wageni kuona duka.”

Macho yake yalikuwa yanamwomba. Asaad alimtazama yeye, akamtazama msichana mwenye sare, akaelewa nusu.

“Ahlan, Madamu! Karibuni, karibuni ndani.”

Alimpaka Bi Khole mafuta ya udi kwenye kifundo cha mkono. Nakalanzi alisimama katikati ya duka akizunguka polepole, mikono ameificha nyuma asije akavunja kitu.

“Hili ni moja tu?” alinong'ona. “Bado mawili?”

“Ndiyo.”

“Dada, mimi hata kufagia nitafagia. Nichukue tu nije kwako. Bibi hana neno, Mungu ambariki. Lakini nyumba ni ghorofa tatu na mimi niko peke yangu.”

“Kweli hiyo,” alisema Bi Khole huku ananusa mkono wake. “Mwanangu Mahfoudh kajenga hoteli, kisha kaajiri mtu mmoja.”

Namirembe alicheka, maana wote walikuwa wanacheka. Alianza hata kuamini kwamba itapita. Watatoka, atamwambia mdogo wake kwamba nafasi za kazi zimejaa mpaka mwakani, na baadaye atapata la kusema.

“Wewe tena?”

Meneja alikuwa mlangoni.

“Sikukukataza kuingia humu na simu yako?” Alisema kwa Kiarabu, kwa sauti iliyofika duka la jirani. “Kafili wako nani, bosi aliyekudhamini? Nipe namba yake nimpigie sasa hivi! Na wewe Asaad, tangu lini shagala anaitwa madamu dukani kwangu?”

Kiarabu cha Nakalanzi kilikuwa cha wiki tatu. Katika maneno yote yale alilishika moja tu, shagala. Akainamisha kichwa. Alidhani ametajwa yeye.

“Samahani, Dada,” alisema taratibu. “Nimekuaibisha mbele ya wafanyakazi wako. Nisingekuja na hii sare.”

Wasomaji wangu, nimeandika mengi katika hadithi hii, lakini hapa mkono ulisita. Namirembe alisimama akiombwa radhi na mtu ambaye yeye ndiye aliyemdanganya. Alitazama sakafu. Ilikuwa imesuguliwa vizuri sana, aliuona uso wake humo.

Bi Khole ndiye aliyeongea. Alimgeukia meneja, akamwambia maneno machache ya Kiarabu, ya chini, ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Meneja alifunga mdomo. Kisha bibi akamgeukia Nakalanzi.

“Asema leo wana mgeni mkubwa kutoka Dubai. Turudi siku nyengine. Nisukume, mwanangu, twende.”

* * *

Karibu na lifti palikuwa na benchi. Bi Khole aliomba wasimame hapo.

“Nakalanzi, nenda kaninunulie chai ya karak. Vikombe vitatu. Foleni ndefu kule, usihangaike, sisi tupo.”

Alisubiri mpaka msichana amepotea katikati ya watu.

“Pini ngapi?” akauliza.

“Nini, Bibi?”

“Hapo chini kwenye pindo. Nimeshona abaya miaka thalathini nyumbani kwetu Sidab, tangu turudi kutoka Unguja. Nnakuona tangu kule kwenye dhahabu. Pindo umelipandisha kwa pini. Mwenye nguo hii ni mrefu kuliko wewe.”

Namirembe aliketi kwenye benchi.

“Saba,” alisema. “Nitazitoa kabla sijairudisha.”

“Unafanya kazi nyumba gani?”

“Kwa Bi Buthaina. Madinat Sultan Qaboos.”

“Wanakutesa?”

“Hapana.”

“Basi kitu gani?”

Namirembe alijaribu kueleza. Alisema kuhusu Mama na ugonjwa wake, na watu wa kanisani, na jinsi uongo wa kwanza ulivyokuwa mdogo. Alisema aliona haya watu wa nyumbani kujua kwamba anasugua vyoo vya watu. Kila alilosema lilitoka likiwa dogo kuliko alivyolifikiria.

“Skiliza,” alisema Bi Khole. “Miye nimepiga magoti miguuni kwa wanawake wenye kiburi, pini nimeziuma mdomoni, napima pindo. Miaka thalathini. Sikuona haya. Ningeona haya ningewaambia watu nguo zile zangu.” Aliweka miwani yake sawa. “Mwambie mwenyewe kabla chai haijesha. Ukishindwa, ntamwambia mimi, na mimi sina ulimi mzuri.”

“Kwa nini hukumwambia kule dukani?”

“Mbele ya yule mwanamume? La. Huyo mtoto hana kosa.”

Hakusema kwamba Namirembe naye hana kosa. Namirembe alilingojea neno hilo, likawa halikuja.

* * *

Nakalanzi alirudi na vikombe vitatu kwenye kibao cha karatasi, anatembea kwa uangalifu, ulimi ameutoa kidogo pembeni ya mdomo kama alivyokuwa akifanya utotoni akibeba maji.

“Dada, nimesahau jambo kubwa!” alisema kabla hajafika. “Bwana Ssewanyana anakusalimia sana.”

Namirembe aliikaza simu mkononi.

“Nani?”

“Wakala wetu, wa Kampala. Si ni mshirika wako? Ofisini kwake kuna televisheni kubwa, anafungulia video zako toka asubuhi. Wasichana wanajaa mpaka kwenye ngazi. Anasema, mnamwona huyu? Alianza kama nyinyi. Anasema wewe ndiye utakayetupokea huku.”

“Mbona hukunipigia? Hata ujumbe mmoja?”

“Alisema tusikwambie, unapenda kushtukizwa. Tulikuja kumi na mmoja kwa ndege moja. Watatu wamepata nyumba kama mimi. Saba bado wako mtaa wa Ghala, ofisi ya wakala ya huku, maktab, imewaweka chumba kimoja juu ya gereji. Wamechukuliwa pasipoti na simu. Mmoja anaumwa tumbo toka tulipofika.” Alimpa Bi Khole chai yake. “Lakini niliwaambia watulie. Nikishampata dada yangu, atakuja kuwatoa wote.”

Mwaka jana mtu huyo Ssewanyana alimwandikia Namirembe ujumbe. *Video zako zinatia moyo, Madamu. Naweza kuzionyesha ofisini kwangu?* Naye akajibu, *Tumia tu, kaka.* Baada ya mwezi msafiri mmoja alimletea zawadi kutoka kwa kaka huyo, simu mpya ndani ya boksi. Ndiyo hiyo aliyoishika sasa. Hakuuliza ni ya nini.

Hakuuliza kwa sababu alijua. Wasichana walikuwa wakimwandikia chini ya video, “Madamu, kazi zipo?” Yeye akawajibu, “Zipo tele, njooni.” Na mwezi wa tatu mmoja alimwandikia hivi: *Madamu, nimefika Maskati, niko pabaya, naomba unipigie.* Namirembe aliusoma ujumbe huo mara mbili. Kisha akamfungia msichana yule asiweze kumwandikia tena, akarudi kupiga pasi.

Hilo hakumwambia Bi Khole. Hilo hakuwahi kumwambia mtu.

“Nakalanzi,” alisema. “Kaa hapa.”

“Bibi anataka...”

“Kaa, mwana,” alisema Bi Khole.

Nakalanzi alikaa, kikombe mkononi.

“Mimi sina duka.”

“Limefungwa?”

“Sijawahi kuwa nalo. Ni shagala, Nakalanzi. Kama wewe. Yule bwana alipopiga kelele alikuwa ananisema mimi.”

Nakalanzi alicheka. Alimtazama Bi Khole ili wacheke pamoja, akakuta Bi Khole hacheki. Alikiweka kikombe chini sakafuni, polepole sana.

“Ile nyumba yenye bwawa?”

“Ya bosi.”

“Lile gari?”

“La bosi.”

“Na hii nguo?”

“Ya bosi. Hajui kama ninayo.”

Watu walipita na mifuko yao. Mtoto mmoja alikuwa anamlilia baba yake amnunulie puto. Nakalanzi alikuwa anatazama mikono yake, ambayo kwa wiki tatu tu ilikuwa imeshababuka kwa sabuni.

“Krismasi padri alikutaja kwenye misa,” alisema. “Mama alisimama, watu wakampigia makofi.”

“Najua. Mlinitumia video.”

“Ukafanya nini ulipoiona?”

“Nilikuwa naosha sufuria. Nikazima simu, nikaendelea kuosha.”

“Mimi nimegawa vitabu vyangu vyote kwa binti wa jirani. Nilimwambia mimi sivihitaji tena, naenda kwa dada yangu.”

Namirembe alinyoosha mkono.

“Usinishike,” alisema Nakalanzi.

Mkono ulirudi. Bi Khole alikunywa chai yake, hakumwangalia yeyote.

“Kuna kundi jingine linakuja?” Namirembe aliuliza hatimaye.

“Wiki hii. Siku siijui.”

“Wangapi?”

“Waliokuwa kwenye ngazi walikuwa wengi.”

* * *

Namirembe alisimama. Alifungua vishikizo vya abaya kimoja kimoja, akaivua palepale mbele ya lifti. Ndani alikuwa na gauni lake la kazi, lenye doa la mafuta ubavuni. Mwanamke mmoja aliyekuwa anasubiri lifti alimtazama doa, akamtazama uso, akageukia upande mwingine.

Alimpa Nakalanzi simu.

“Nishikie. Nataka kuongea nao laivu.”

“Shika mwenyewe.”

Alishika mwenyewe. Alibonyeza, na ndani ya dakika moja walikuwa wamefika mia tatu, kisha elfu. *Madamu! Madamu leo uko tawi gani? Madamu mbona umevaa hivyo?* Picha ilikuwa inaruka kama ya mtu anayekimbia.

“Jina langu ni Namirembe,” alianza. “Mimi si meneja. Mimi...”

Aliishia hapo. Akaanza upya, akaishia palepale.

Nakalanzi alimpokonya simu.

“Lete. Unatikisa.” Aliinyanyua kwa mikono miwili. Uso wake ulikuwa mkavu, hauna huruma. “Ongea sasa.”

Basi akaongea. Akiyatazama macho ya mdogo wake nyuma ya ile simu, aliwaambia kwamba yeye ni mfanyakazi wa ndani, kwamba maduka ni ya watu, nguo ni za watu, gari ni la watu. Aliwaambia kazi ya ndani siyo aibu, aibu ni yeye aliyeificha. Alimtaja Ssewanyana kwa jina. Alisema kuna wasichana saba wako Ghala juu ya gereji, hawana pasipoti, na mmoja ni mgonjwa.

“Na kuna msichana aliniandikia mwezi wa tatu,” alisema. “Alisema yuko pabaya. Nikamfungia. Nimesahau hata jina lake. Kama kuna anayemjua, naomba aniambie yuko wapi.”

Simu iliteremka kidogo mikononi mwa Nakalanzi. Hili hakulijua. Akainyanyua tena.

Majibu yalikuwa yanapita kwa kasi. *Mwongo mkubwa wewe. Nilimwonyesha mume wangu video zako nikamwambia na mimi niende. Mungu akusamehe, mimi sikusamehe.* Wengine walicheka tu, vikaragosi vya kucheka safu kwa safu. Kisha likapita jina ambalo Namirembe hulipikia chai kila asubuhi, Hadeel, binti wa Bi Buthaina. *Namirembe?? Mama anatazama hapa pamoja na mimi. Ile abaya uliyovaa kwenye picha zako si yake?*

Bi Buthaina basi ameshaona. Kazi imekwenda, au imekaribia kwenda. Cha ajabu, Namirembe hakushtuka. Alidhani hapo ndipo mwisho wa fedheha, kwamba hakuna aliyebaki wa kumwona uchi.

Ndipo likapita jibu jingine. *Dada, mdogo wangu amepanda ndege na Ssewanyana leo asubuhi. Simu yake haipatikani. Nifanyeje?*

“Leo?” alisema Namirembe. “Leo asubuhi?”

Simu ilianza kuita mikononi mwa Nakalanzi. Laivu ikakatika, lakini video ikabaki kwenye ukurasa. Nakalanzi aliitazama namba.

“Ni Mama.”

Alibonyeza spika.

“Mirembe!” Sauti ilikuwa ya juu, yenye furaha, na nyuma yake mwanamke alikuwa anatangaza kitu kwa Kiarabu. “Mirembe, mwanangu, niko kwako!”

“Kwangu wapi, Mama?”

“Maskati! Nimeshuka sasa hivi. Mimi mzee huyu nimepanda ndege, unaamini? Bwana Ssewanyana amenileta mwenyewe. Alisema mama wa Madamu haji peke yake, tuko na wasichana tisa hapa, wote wanataka kukushika mkono. Nimevaa gomesi yangu ya harusi ya shangazi yako. Unakuja na gari gani, lile jeupe?”

Namirembe aliisogelea simu.

“Mama, pasipoti yako iko wapi?”

“Anazo yeye, zetu zote. Kijana ana adabu sana. Huyu hapa, anataka kukusalimia.”

Simu ilibadilisha mkono. Zikasikika hatua kadhaa, kama za mtu anayesogea mbali na wenzake.

“Nimeitazama yote, Madamu,” alisema mwanamume, taratibu kabisa. “Mama yako bado. Simu yake mtandao nimeuwasha mimi hapa, na nitauzima mimi. Sasa nisikilize. Futa hiyo video, useme ulikuwa mchezo. Mama yako atalala hotelini, kesho atarudi kwao akiwa mama wa Madamu, hajui lolote. Usipofuta, anaingia kwenye gari na hao tisa, na huko Ghala watamweleza wenyewe wewe ni nani.”

Namirembe alimtazama mdogo wake. Safari hii Nakalanzi hakuyaondoa macho.

Kidole kimoja tu, na Mama angerudi nyumbani akipigiwa makofi.

“Sifuti,” alisema Namirembe.

“Umesemaje?”

“Sifuti. Mrudishie mama yangu simu. Nitamwambia mwenyewe.”

Bi Khole alikuwa ameshaitoa simu yake kwenye mkoba, anabonyeza namba ya mwanawe Mahfoudh ili awahi uwanja wa ndege. Kule upande wa pili magurudumu ya masanduku yalipita, wasichana wakachekacheka, mlango wa gari ukafunguliwa.

Kisha sauti ya Mama ikarudi, ya mbali, kama anayepiga kelele akiwa nyuma ya watu.

“Mirembe! Anasema gari ulilotuma limefika. Tuingie?”

“Msiingie!” Namirembe alipiga kelele, ghorofa nzima ya pili ikageuka kumtazama. “Mama, mimi ni mwongo! Nimewadanganya wote! Msiingie!”

Upande wa pili simu ilikuwa imeshakatika.